Ukitaka mji uingie makumbushoni, anzia barazani

Vijana wa kikundi kimoja cha Malindi wameniandikia wakiuliza: tunataka kufanya maonyesho kwenye makumbusho ya mji wetu, tuanzie wapi? Ukumbi wameshaahidiwa, viti na maturubai wanayo, na miongoni mwao wamo wachoraji wazuri. Wanachokiogopa ni kufungua mlango halafu wakaingia watalii wawili watatu na watoto wa shule waliopangwa mstari na mwalimu, basi. Watu wa mji wenyewe wapite nje wakienda sokoni. Nimeona niwajibu hapa, maana swali hili kwetu Lamu halikomi, nami nimeshiriki kazi hizi kwa miaka, kuanzia kubeba meza mpaka kukaa na wazee tukichagua cha kuonyesha.

Jibu langu ni kwamba msianze na kuta. Vijana wengi wakipewa ukumbi hukimbilia kupima ukuta, kuhesabu picha zitakazotosha, kuchapisha mabango. Anzeni na mtu mwenye kitu na anayejua kukieleza. Mkimpata huyo, na akakubali kuja kukaa na kitu chake mbele ya watu, maonyesho mmeshayapata. Kuta mtazijaza baadaye, au hata msizijaze.

Nieleze kwa nini nalishikilia hilo. Nyumba tunazozifanya makumbusho kwenye miji yetu midogo nyingi zilikuwa za wakubwa. Makumbusho ya Lamu, yaliyofunguliwa 1971, yamo ndani ya jumba la pwani lililokuwa makazi ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Ngome iliyoko Mkunguni ilianza kujengwa karibu 1813, baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821. Baadaye ikageuzwa jela na ikabaki jela mpaka 1984. Hesabu mwenyewe: mzee wa miaka sitini na kitu leo alipokuwa kijana alipita pale akijua ndani kuna watu wamefungwa, na huenda mmoja wao alikuwa ami yake. Mtu wa namna hiyo humwambii tu «karibu, mlango uko wazi» ukadhani umemaliza. Miguu yake haikuzoea kuingia pale kwa hiari. Lamu yote ya kale imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na ni fahari kubwa, lakini fahari hiyo peke yake haimwingizi bibi wa Langoni ndani ya ngome. Kinachomwingiza ni kusikia kwamba leo mle ndani yumo mjukuu wake anachonga, au kwamba kidani cha marehemu dada yake kimewekwa mezani na kinaelezwa.

Kwa hiyo kabla hamjaenda ofisini, nendeni barazani. Hapa kwetu, nje ya ngome chini ya kivuli, wazee hukaa kila alasiri. Ukiwa na jambo la mji utalipeleka pale kwanza, kwa salamu kamili, ukae, unywe kahawa, uulize hali za nyumbani, kisha useme haja yako. Usiende na karatasi ya ratiba iliyokwisha chapwa. Mzee akiiona ratiba imejaa, atajua umekuja kumjulisha tu, hukuja kutaka shauri lake, na atakujibu kwa adabu: «Inshallah, mwanangu.» Ukijibiwa hivyo na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya samaki, jua umemkosa.

Kitu kimoja, mtu mmoja

Maonyesho niliyoyapenda kuliko yote niliyoshiriki yalikuwa ya kofia. Kofia tu. Tulipewa chumba kimoja kidogo, na wapo waliosema ni aibu kufungua chumba kizima kwa ajili ya kitu ambacho kila mwanamume wa Amu, yaani Lamu, anacho kichwani. Mimi niliona hiyo ndiyo sababu yenyewe ya kufanya.

Tulimwomba mzee mmoja wa Mkomani, mshonaji tangu utotoni, aje akae chumbani na kofia aliyokuwa akiishona wakati huo. Hakutakiwa kuhutubia. Alikaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, karibu na dirisha ili apate mwanga, akaendelea na kazi yake. Kando yake tuliweka kitambaa cheupe kilichochorwa nakshi kwa penseli tu, bado hakijaguswa na sindano. Kisha kile kiduara cha juu kikiwa kimeshonwa nusu. Kisha mzunguko wa pembeni. Kisha kofia iliyokamilika, imefuliwa, imenyooshwa na kutiwa wanga. Mtu akiingia aliweza kuifuata kofia tangu ikiwa mstari wa penseli mpaka ikafaa kuvaliwa msikitini Ijumaa.

Kijana mmoja akamuuliza, kwa nini mtu atoe maelfu kwa kofia hii na za mashine ziko dukani kwa bei ya chakula cha mchana? Mzee hakumjibu upesi. Akaichukua iliyokamilika, akaigeuza ndani nje, akampa aishike. Upande wa ndani ulikuwa safi karibu sawa na wa nje, tundu zote zimezungushiwa uzi, hakuna nyuzi zinazoning'inia. Akamwambia, «Pitisha kidole.» Yule kijana akapitisha, akarudia tena polepole, tundu moja moja. Ndipo mzee akamwambia kwamba kofia kama ile hula miezi, maana huishona baina ya sala na sala, na mchana macho yakichoka huiweka. Baada ya hapo chumba hakikupungua watu. Wanaume walivua kofia zao wakawa wanazigeuza na kulinganisha, mmoja akatambua mkono wa mshonaji aliyekwisha kufa kwa namna alivyozipanga tundu zake. Hakuna bango ambalo lingefanya kazi ile.

Somo nililolichukua pale, na ambalo nawapa Malindi, ni kupunguza. Chumba kidogo chenye kitu kimoja kilichoelezwa mpaka ndani kinawashika watu wa mji kuliko ukumbi wa vitu mia vyenye vibandiko. Sisemi makumbusho ya kudumu yawe hivyo. Ya Lamu yana siwa, yale mabaragumu ya kale, moja ya shaba na moja ya pembe ya ndovu ya Pate, yana mfano wa mtepe, ile jahazi iliyoshonwa kwa kamba bila misumari, yana vyombo vya fedha, na ni haki viwe pamoja. Nasema juu ya maonyesho ya muda na siku za jamii. Hata hivyo unaweza kukichukua kimoja katika vile vya kudumu ukakifanyia siku yake. Siwa ndani ya kioo imenyamaza. Mlete mtu aliyesikia kwa wakubwa wake namna ilivyopulizwa kwenye harusi za wenye mji, nani aliruhusiwa na nani alinyimwa, muone kama hamtakesha.

Na muwalipe hawa watu. Hapa nasema kwa ukali kidogo. Fundi anayekaa nanyi siku nzima ameacha kazi yake siku nzima. Mchongaji milango, msusi wa mikeka kutoka Matondoni, mfua fedha, kila mmoja ana siku yake na bei yake. Cheti na chupa ya maji si malipo. Kama bajeti yenu ni ndogo, toeni kwenye mabango na fulana, muweke kwenye mfuko wa fundi. Akitaka kuuza kazi yake auze, ila mpangieni uwani na bei iandikwe wazi, msiichanganye na vitu vya kuazima visivyouzwa. Nimeona mgeni akitoa pesa ili anunue sahani ya Kichina ya familia ya watu kwa kudhani yote ni duka, na mwenye sahani alivunjika moyo vibaya.

Kuazima vitu vya watu

Hili ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalojenga au kubomoa jina la makumbusho katika mji mdogo.

Watu wa pwani wana sababu ya kuogopa kutoa vitu vyao. Kwa miaka mingi wanunuzi walipita nyumba kwa nyumba: viti vya enzi, milango ya nakshi, sahani za zidakani, vile vishubaka vya ukutani, vitabu vya mkono. Vingi vilikwenda na havikurudi. Ndiyo maana sheria ya Kenya inaihesabu milango iliyochongwa kabla ya 1946 kuwa vitu vya kulindwa, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inaliendeleza hilo. Ukibisha hodi ukasema «tunaomba kuazima», yule mama anayekufungulia hasikii kuazima. Anasikia mlango wa shangazi yake uliopakiwa jahazini.

Ninyi Malindi mna jambo zito zaidi, nalo ni vigango. Vile si mapambo. Ni nguzo za ukumbusho wa marehemu wa Mijikenda, na vingi viliibwa vikauzwa ng'ambo. Baadhi vimerudishwa kutoka makumbusho ya Marekani baada ya madai ya muda mrefu. Asije akatokea kijana mwenye nia njema akakiingiza kigango ukumbini kwa sababu kinapendeza pichani. Kama familia na wazee wa kaya hawajakaa nanyi wakasema ndiyo, kaeni mbali nacho. Na wakisema hapana, iandikeni hapana hiyo na muiheshimu, msirudi kuwashawishi.

Kwa vitu vya kawaida, utaratibu wangu ni huu. Kitabu cha stakabadhi chenye nakala ya kaboni, si karatasi ya kupeperuka. Mbele ya mwenye kitu andika kitu ni nini, kina ufa wapi, kimepoteza nini, kinarudi lini, na kitakaa wapi usiku. Piga picha pande zote, zioneshe ufa ule ule ulioutaja. Sahihi mbili wakati wa kuchukua, mbili wakati wa kurudisha. Muulize kama anataka jina lake liandikwe. Wengi watakataa, na si kwa kuficha ubaya. Watu wanaogopa husuda, wanaogopa wezi, au hawataki ionekane wanajigamba. Basi andika «kwa hisani ya familia ya Mkomani» yaishe. Na ikiwezekana mwenyewe akilete kwa mkono wake na akiweke mezani yeye. Akikiona kimekaa pazuri, kimefunikwa kioo, yuko mlinzi, roho yake itatulia na atawaleta jirani zake.

Kuvilinda si kazi ya wataalamu peke yao. Mji wa Lamu umekaa kuelekea kisiwa cha Manda, mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linaingia moja kwa moja kwenye madirisha ya pwani. Kanga, kofia au karatasi ya wino ikikaa pale wiki chache rangi itakimbia, na rangi iliyokimbia hairudi. Vitu vya nguo na karatasi viwe ukuta wa ndani, mbali na dirisha. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta unyevu na chumvi, kwa hiyo picha isilalie ukuta. Acha nafasi nyuma yake hewa ipite. Wala msipigilie misumari kwenye nyumba za kale. Nyumba yenyewe ni kitu cha kuonyesha, tena kikongwe kuliko vyote mtakavyoviingiza. Sisi hutumia fremu za kusimama za boriti zilizofungwa kwa kamba, zinasimama zenyewe, na zinapendeza zaidi ya mbao zilizopakwa rangi. Fedha ishikwe kwa kitambaa au glavu, maana jasho linaitia weusi. Mbao za kale zikaguliwe kabla ya kuingizwa: ukiona unga mwembamba chini yake, kuna mdudu anakula ndani, na akiingia naye atahamia kwenye mbao nyingine.

Saa ya mji

Makumbusho hufunguliwa saa za ofisi, na mji una saa zake. Ukiweka ufunguzi saa nne asubuhi utapata maofisa. Ukiuweka baada ya alasiri utapata wazee na vijana mpaka magharibi. Ukiuweka baada ya isha, penye taa nzuri na kahawa tungu, utapata mji. Usiku wa Ijumaa wengi wana uradi na maulidi, kwa hiyo ulizeni kwanza misikiti ya jirani. Mchana wa Ijumaa baada ya sala ni mzuri kwa watoto, maana madrasa nyingi zimefungwa.

Kuna saa nyingine ambayo wageni wanaopanga shughuli zetu huisahau, nayo ni maji. Mkiwataka watu wa Siyu, kisiwani Pate, waje, na Siyu ndiko kwenye ustadi wa ngozi na wa mbao tangu zamani, mashua yao inatoka kwenye mkondo wa mikoko maji yakiwa yamejaa. Ukiwapangia saa ambayo maji yametoka, umewaambia wasije. Angalia mwezi, jua bamvua ni lini, kisha ndipo uchague siku.

Na upepo pia. Siku ya Makumbusho Duniani ni 18 Mei, imewekwa na Baraza la Kimataifa la Makumbusho tangu 1977, na kila mwaka ofisi hutaka kuiadhimisha. Ni siku nzuri, ila kwetu Mei ni mvua na kusi. Bahari ni kali, mashua za visiwani hazina raha, na uwa wa ngome hauna paa. Siku hiyo nafanya jambo la ndani, dogo: kusoma mashairi, darasa la hati, watoto kuchora. Makubwa nayaweka baada ya kusi kutulia, na Novemba, ambapo kwa kawaida huwa ni tamasha la utamaduni la Lamu, mji wenyewe umeshakusanyika. Mfungo Sita nao, wakati wa Maulidi ya msikiti wa Riyadha, wageni hufurika kutoka pwani nzima na hata ng'ambo. Usishindane na Maulidi. Fungua mlango, toa maji baridi, weka hati na vitabu vya mkono mahali pa kuonekana, watu watapita baina ya shughuli na shughuli. Mji huu ulimtoa Muhamadi Kijumwa, aliyefariki 1945, mchongaji, mtunzi na mwandishi wa hati kwa mkono mmoja, na nyingi za hati zake leo zimehifadhiwa London. Mwezi wa Maulidi ni wakati wake hasa wa kuelezwa kwa watoto wanaojifunza kuandika Kiarabu.

Wanawake wawe na siku yao

Sizungumzii nusu saa ndani ya ratiba ya wanaume. Nazungumzia alasiri kamili, mlango unashikwa na mwanamke, mlinzi wa chumba ni mwanamke, simu za picha zinawekwa kwenye kikapu mlangoni. Buibui likivuliwa na mtu akijua hapigwi picha, makumbusho yanabadilika kabisa.

Tangazo la siku hiyo halibandikwi ukutani. Hupelekwa nyumba kwa nyumba, kama wanavyoalikwa watu wa harusi, na mama anayejua nani aanzwe na nani asiachwe. Vikundi vya WhatsApp vinasaidia kukumbusha, si kualika. Mama wa makamo aliyepata ujumbe wa simu tu atasema hakualikwa, na ana haki.

Katika siku moja ya namna hiyo tuliweka mapambo ya fedha mezani: vikuku, mitali, vipini, majasi. Kwenye kibandiko yote yaliitwa «mapambo ya wanawake». Bibi mmoja akakaa kwenye kiti, akaanza kuyataja kimoja kimoja, hiki cha mguuni, hiki cha bi harusi siku ya ntazanyao, hiki hakivaliwi na mwari. Wenziwe wakambishia, wakarekebishana, sauti zikapanda. Msichana wa kidato cha tatu alikuwa anaandika. Vibandiko vya sasa vimetokana na daftari lake. Kwa hiyo siku ya wanawake ichukulieni kuwa kazi ya utafiti, mkae na kalamu. Msiifanye ya hina na vitafunio tu, ingawa hina iwepo, na kaimati ziwepo, na vugo, ile pembe ya harusini, likipigwa pale mwishoni hakuna atakayelala mapema.

Juu ya vibandiko sina mengi. Kiswahili kianze, kwa herufi kubwa za kusomwa na mzee asiyevaa miwani, kiwekwe kimo cha kifua. Kingereza kifuate chini, kidogo. Sentensi tatu zatosha.

Watoto nao wasitembezwe. Mtoto akitembezwa mbele ya makabati kumi atakumbuka mlinzi aliyemwambia asiguse. Wapeni kazi moja. Tafuteni macho ya jahazi, yale yanayowekwa mbele ya chombo, mchore jicho. Mketisheni mchongaji na kipande kipya cha mbao alichokichonga makusudi, watoto waweke karatasi juu yake na kusugua penseli mpaka nakshi ijitokeze. Kila mmoja atakwenda nyumbani na karatasi yake na mama yake ataiona. Kwenye milango ya kale msifanye hivyo, inachakaa. Na mwalimu aje mapema peke yake kabla ya darasa, ili siku hiyo awe mwenyeji pamoja nanyi.

Mniruhusu sasa niseme la Malindi hasa. Mna Nyumba ya Nguzo, mna mnara wa Vasco da Gama aliyefika 1498, na vitabu vyote vya wageni vinaanzia hapo. Mimi ningeanzia kwa samaki. Mnamo 2001 ilivuliwa kwenye bahari ya Malindi silakanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka zama za kale mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini 1938. Wavuvi wenu wapo. Waiteni waeleze kina wanachokijua, nyavu, mishipi, samaki waliokuwa wakipatikana zamani na sasa hawaonekani. Wachoraji wenu wakae nao wachore wanachokisikia, palepale, mbele ya watu. Au chukueni twiga: 1415 wajumbe wa Malindi walifikisha twiga kwa mfalme wa China. Watoto wa Malindi wanaweza kutengeneza twiga huyo kwa makuti na kumpitisha mjini mpaka mlangoni pa makumbusho, na wazazi watafuata nyuma, maana hakuna mzazi anayeacha kumwangalia mwanawe akipita. Kimojawapo, si vyote viwili mwaka mmoja.

Maonyesho yakifungwa, kazi bado. Siku mliyoandika kwenye stakabadhi ndiyo siku ya kurudisha, isipite hata moja. Aende yule yule aliyechukua. Kitu kiwe kimefutwa vumbi, kimefungwa kwenye kitambaa safi, na mkono wa pili ubebe picha iliyochapishwa ya kitu hicho kikiwa mezani na watu wamekizunguka. Kaa, kunywa utakachopewa, simulia nani alikuja na alisema nini. Mwenye kitu anataka kusikia hayo kuliko shukrani. Mara nyingi hapo ndipo hutolewa sanduku jingine kutoka ndani ili uone. Fungueni kitabu, mkague pamoja ule ufa ulioandikwa, atie sahihi. Na kama hayupo nyumbani, rudi nacho makumbushoni ukakifungie, uende tena kesho. Usikiache kwa jirani, wala kwa mtoto aliyekufungulia mlango.